MOYO ULIOSHTUKA UNAWEZA KUTULIA

Mazungumzo ya redio juu ya amani nyumbani, kwa jamaa zilizohama na kwa viongozi wa mahali

 

Katika vipindi vyetu tumezoea kusema juu ya amani kati ya kabila na kabila, kati ya kijiji na kijiji, kati ya anayehama na anayempokea. Leo tutazungumza juu ya amani iliyo ndogo zaidi, ile ya chini ya hema moja: kati ya bibi na bwana, kati ya mzazi na mtoto. Labda mtu atauliza: "Hayo ni mambo ya chumbani, yanahusu nini amani ya inchi?" Lakini ninyi viongozi mnajua wenyewe ni mashauri gani yanayowaamsha usiku. Mengi si ya mpaka wa shamba. Ni ya bwana asiyesema, ya bibi asiyelala, ya mtoto aliyegeuka tangu siku ya kukimbia. Na mtu asiye na mahali pa kupumzisha moyo nyumbani kwake, ni vigumu apokee neno la upatanisho kutoka kwa jirani.

Neno langu la leo ni moja: namna unavyoshikamana na watu wako wa karibu ni jambo ulilojifunza. Vita na kuhama vimetufundisha namna fulani. Na jambo ambalo mtu amejifunza, anaweza kujifunza lingine mahali pake.

1. Mfano wa nyumba moja

Tuchukue mfano. Nyumba hii si ya mtu fulani. Nimeiunga kwa vipande ambavyo kila mpatanishi amekwisha kuvisikia. Labda utajitambua ndani yake.

Bwana alikuwa mkulima huko Masisi. Siku risasi zilipoanza, yeye alikuwa shambani, bibi alikuwa sokoni na mtoto mgongoni. Kila mmoja alikimbia upande wake. Kwa siku tisa, mmoja hakujua kama mwenzake yu hai. Siku ya kumi wakaonana kando ya barabara, na watu wote wakashangilia.

Miezi mitatu baadaye, nyumba hiyo inawaka moto. Bwana akitoka asubuhi kutafuta kazi ya kubeba mizigo, bibi anaanza kuuliza majirani wamemwona wapi. Akichelewa, anatuma mtoto amfuate. Akirudi, maswali yanamngoja mlangoni: "Ulikuwa wapi? Ulikuwa na nani? Mbona telefone yako ilikuwa imefungwa?" Bwana hajibu. Anageuka, anakaa nje mpaka giza liingie. Kadiri bibi anavyouliza, ndivyo bwana anavyonyamaza. Kadiri bwana anavyonyamaza, ndivyo bibi anavyopaza sauti. Majirani wanasikia yote, kwa maana hema haina ukuta. Na mtoto, ambaye sasa ana miaka mitano, ameanza tena kukojoa usiku, na mama hawezi kwenda kuchota maji bila yeye kulia kama aliyepigwa.

Shauri linafika mbele ya kiongozi. Anasikiliza kwa upesi, anaamua: bibi hana heshima, bwana hatunzi nyumba yake, kila mmoja alipe. Wanalipa. Juma linalofuata wanarudi na shauri lile lile.

Kwa nini? Kwa sababu kiongozi aliuliza nani mwenye kosa. Hakuuliza kila mmoja anaogopa nini. Wazee walisema: aliyeumwa na nyoka, akiguswa na unyasi hushtuka. Bibi huyu hatafuti ugomvi. Kwake, kila saa ya kuchelewa ni siku moja ya zile siku tisa. Na bwana huyu si jiwe. Katika siku zile tisa alijifunza kufunga moyo ili miguu iweze kuendelea kutembea. Sasa anarudi jioni bila feza, ana haya, na anafunga moyo kama alivyojifunza. Kila mmoja anajikinga kwa namna inayomwumiza mwenzake.

2. Wenye elimu waliona nini

Jambo hili limechunguzwa kwa muda mrefu, na uchunguzi wenyewe ulizaliwa katika vita na katika kuhama.

Mwezi wa Septemba 1939, Uingereza ilipoingia vitani, watoto wengi sana walipandishwa magari ya moshi kutoka London na miji mingine, wakapelekwa mashambani mbali na mabomu. Wengi walikwenda bila wazazi wao. Huko London, wanawake wawili, Anna Freud na Dorothy Burlingham, walifungua nyumba za kutunza watoto wa vita. Waliona jambo ambalo wengi hawakulitazamia: watoto wadogo waliokaa na mama zao, hata mabomu yakianguka karibu, mara nyingi walivumilia kuliko wale waliopelekwa mahali pa salama lakini wakatengwa na watu wao. Kwa mtoto mdogo, mtu wake wa karibu ndiye nyumba.

Baada ya vita, Shirika la Afya la Dunia lilimwomba munganga wa Uingereza, John Bowlby, aandike juu ya watoto waliobaki bila makao. Maandishi yake yalitoka mwaka wa 1951. Alifundisha kwamba mtoto hamshiki mzazi kwa ajili ya chakula tu. Anamshika ili apate mahali pa kukimbilia akiogopa, na mahali pa kuanzia safari akitaka kuijua dunia.

Na hapa karibu na sisi, mwaka wa 1954, mwanamke jina lake Mary Ainsworth alifika Uganda. Katika vijiji vya kando ya Kampala alitembelea jamaa 26 zenye watoto wachanga, mara kwa mara, kwa miezi mingi. Aliketi nyumbani mwao, akatazama. Aliona watoto wengine wakitambaa mbali kucheza, wakigeuka kutazama kama mama yuko, kisha wakiendelea. Wengine walilia sana hata mikononi mwa mama. Alipotafuta sababu, hakuikuta katika utajiri wa nyumba. Aliona kwamba lililo kubwa ni mama kumjua mtoto wake: kutambua kilio chake na kukijibu. Kitabu chake juu ya watoto wa Uganda kilitoka mwaka wa 1967, na mengi yanayofundishwa leo katika vyuo vya Ulaya na Marekani juu ya jambo hili yana mizizi yake katika vijiji hivyo.

Tena kuna mfano wa kwetu kabisa. Katika miaka ya 1980, wachunguzi kama Edward Tronick na Gilda Morelli walikaa na Waefe wa msitu wa Ituri. Waliona mtoto mchanga akipita mikononi mwa watu wengi: bibi yake mzaa mama, shangazi, dada, jirani. Hata kunyonyeshwa, mtoto aliweza kunyonyeshwa na mwanamke mwingine wa kambi. Na mtoto huyo alikua vema. Basi usiseme kwamba mtoto aliyepoteza mama amekwisha. Mtoto anahitaji mikono anayoijua, inayorudi kila siku. Inaweza kuwa mikono ya nyanya, ya dada mkubwa, au ya mama aliyempokea njiani.

3. Namna nne za kushikamana

Wenye elimu wanasema kuna namna nne. Nitazieleza kwa maneno yetu.

Ya kwanza ni moyo uliotulia. Mtu huyu anaweza kuwa karibu na mwenzake bila kumfunga, na kuwa mbali bila kumsahau. Akikosewa anasema, akikosa anakubali.

Ya pili ni moyo wa kung'ang'ania. Huyu anaogopa kuachwa. Anauliza, anafuata, anapekua telefone, anapima upendo kila saa. Hata akijibiwa, jibu halikai.

Ya tatu ni moyo wa kujifunga. Huyu alijifunza kwamba kuomba msaada hakuleti kitu, au kunaleta aibu. Anasema, "Mimi sihitaji mtu." Akiulizwa anaondoka. Ndani yake anaumia, lakini mlango umefungwa.

Ya ine ni moyo wa kuvutwa pande mbili. Huyu aliogopeshwa na yule yule aliyepaswa kumlinda, au aliyemlinda alikuwa mwenyewe amejaa hofu. Anataka kukaribia na anataka kukimbia, wakati ule ule. Leo anakumbatia, kesho anasukuma.

Sasa angalieni. Hizi si kabila ine. Katika inchi yetu tumeumia vya kutosha kwa kupanga watu katika mafungu. Usimwambie mwenzako, "Wewe ni mtu wa kujifunga," kana kwamba ni tusi au hukumu. Mtu mmoja anaweza kutulia mbele ya mama yake na kung'ang'ania mbele ya bwana yake. Na wala si ugonjwa wa watu wa vita peke yao. Mwaka wa 1987, huko Denver, Marekani, Cindy Hazan na Phillip Shaver waliwauliza wasomaji wa gazeti juu ya mapenzi yao. Kati ya watu 620, kama 56 kwa 100 walijiona katika moyo uliotulia. Kama 25 kwa 100 katika kujifunga. Na kama 19 kwa 100 katika kung'ang'ania. Huo ni mji usio na vita. Hata huko, karibu nusu ya watu walikuwa na hofu yao.

Jambo la kushika ni hili: kila namna ilikuwa na kazi yake. Bibi wa mfano wetu, kama asingeng'ang'ania, asingemwona bwana yake tena. Aliuliza katika kila njia panda. Bwana, kama asingefunga moyo, angeanguka barabarani. Hofu iliwasaidia. Lakini buti linalofaa matopeni halifai kitandani.

4. Je, mtu mzima anaweza kubadilika?

Wengine wanajibu kwa methali: samaki mkunje angali mbichi. Mtu akikauka, basi. Methali hiyo ni ya kweli kwa malezi, kwa maana ni kweli mtoto hujifunza upesi. Lakini haisemi kwamba mtu mzima ni samaki mkavu. Mkulima wa Masisi aliyejifunza kazi ya useremala akiwa na miaka arobaini anajua hivyo.

Katika miaka ya 1980, Mary Main na wenzake, katika chuo kikuu cha California huko Berkeley, waliwaomba wazazi waeleze maisha ya utoto wao. Walitazama pia namna watoto wao walivyoshikamana nao. Waliona kwamba mambo mabaya yaliyompata mzazi hayakuamua yote. Kulikuwa na wazazi walioteseka sana utotoni, lakini waliweza kueleza mateso hayo kwa utaratibu, bila kuyaficha na bila kuzama ndani yake. Watoto wa wazazi hao mara nyingi walikuwa na moyo uliotulia. Utulivu wao haukuwa urithi. Waliupata kwa kazi: kwa kupata mtu wa kuaminika, na kwa kuelewa yaliyowapata.

Na wale watoto wa London? Anna Freud na wenzake waliwagawa katika vikundi vidogo kama jamaa, kila kikundi na mlezi wake mmoja. Mwanzoni kulikuwa na wivu na kilio kingi, kwa sababu sasa kila mtoto alikuwa na mtu wa kuogopa kumpoteza. Kisha walianza kukua vizuri zaidi. Mjue basi: moyo ukianza kufunguka, kwanza unaweza kulia zaidi. Msikate tamaa hapo.

5. Mambo matano ya kufanya

Utaniambia: "Mwalimu, umesema vizuri, lakini mimi nina hema moja, watoto watano na chakula cha mara moja kwa siku. Nifanye nini?" Mambo haya matano hayaombi feza.

Kwanza, useme unakokwenda na saa ya kurudi. Kisha ushike neno lako. "Ninakwenda sokoni kubeba mizigo, nitarudi kabla ya giza." Ukiona utachelewa, tuma neno na motari au jirani, au piga bipu moja mliyopatana maana yake. Kurudi saa uliyosema, mara thelathini, kunatuliza kuliko kuapa mara moja. Lakini angalieni: kusema unakokwenda si kuomba ruhusa. Ni deni la wote wawili, bwana kwa bibi na bibi kwa bwana. Nakumbusha hapa kama mtu wa sheria: tangu sheria ya tarehe 15 Julai 2016 iliyogeuza Sheria ya Jamaa ya mwaka wa 1987, bibi hahitaji tena ruhusa ya bwana ili afanye tendo la kisheria. Hofu ya kuachwa haimpi mtu haki ya kumfungia mwenzake ndani.

Pili, useme hofu yako badala ya mashitaka. "Wewe ni mzururaji" inafunga mlango. "Jua lilipozama sikukuona, nilirudi katika siku zile tisa" inaufungua. Neno la kwanza linamhukumu mwenzako. La pili linamwonyesha mahali unapoumia.

Tatu, wewe unayenyamaza, usiondoke bila neno. Una haki ya kupumzika. Lakini sema, "Sasa nimechoka, tutazungumza baada ya kula." Kisha, baada ya kula, uanze wewe mwenyewe. Ukinyamaza na kumpa saa, mwenzako atangoja. Ukinyamaza bila saa, ataona umemwacha.

Ine, mkigombana, rudini siku ile ile. Hakuna nyumba isiyogombana. Nyumba yenye amani hujulikana kwa kurudi upesi. Kikombe cha maji, neno "nilikukosea", mkono begani: hayo yanatosha kuanza. Na watoto walioona ugomvi, waone pia upatano.

Tano, usimtoroke mtoto. Mama wengi hungoja mtoto alale, kisha wanakwenda sokoni, ili asilie. Ninaelewa sababu. Lakini mtoto anaamka, anaona mahali patupu, na anajifunza kwamba akifunga macho watu wanapotea. Ndiyo maana usiku hataki kulala. Afadhali umwage waziwazi, umwachie mtu anayemjua, umpe kitambaa chako akishike, na ukirudi umwite kwa jina: "Nimerudi, kama nilivyosema." Atalia leo na kesho. Siku zikipita atalia kidogo, kwa sababu ameona kwamba anayeondoka hurudi. Na mtoto anayekojoa usiku, usimpige wala usimwaibishe mbele ya wenzake. Mwili wake unasema kile ambacho mdomo hauwezi.

Juu ya hayo matano, jioni moja moja, mwelezeane safari yenu kwa utaratibu: tulitoka wapi, nani alitupa maji, tulilala wapi, tulionanaje tena. Asiyetaka kusema asilazimishwe. Mtoto asikie hasa wale waliosaidia, na kwamba ninyi hamkumwacha.

6. Mahali ambapo uvumilivu si dawa

Hapa nitasema kwa nguvu, ili mtu asichukue maneno yangu vibaya.

Hakuna namna ya kushikamana inayotoa ruhusa ya kupiga. Mtu hawezi kusema, "Nilimpiga kwa sababu moyo wangu uliumizwa na vita." Wengi wameumizwa na vita na hawapigi. Kama katika nyumba kuna kipigo, vitisho vya kuua, au kulazimishwa, usimwambie aliyeumizwa aende akaeleze hofu yake kwa upole. Kwanza awe mahali pa salama.

Aliyetendewa kwa nguvu kimwili afike hospitalini upesi, kabla ya saa 72 kupita, kwa maana dawa ya kukinga virusi vya ukimwi hufaa katika muda huo. Akichelewa, afike tu, matunzo mengine yapo. Na ninyi viongozi, mjue kwamba tangu sheria za tarehe 20 Julai 2006, kulipa feza au mbuzi hakumalizi shauri la kunajisi. Shauri hilo ni la tribinali. Anayelifunga chini ya mti kwa mbuzi mbili, hakuleta amani. Amemfundisha mtoto wa kike kwamba hana mahali pa kukimbilia.

7. Neno kwa wazee na mashefu

Wazee wetu, ninyi mnaketi katikati ya nyumba nyingi. Nawaomba mambo manne.

Shauri la bibi na bwana likifika, na hakuna kipigo ndani yake, ulizeni maswali matatu kabla ya kuuliza kosa. "Nyumba hii ilikuwa namna gani kabla ya kukimbia?" "Mwenzako akifanya hivi, wewe unaogopa nini?" "Ni jambo gani moja dogo atakalofanya juma hili litakalokutuliza?" Kisha mpange siku ya kurudi. Faini haifundishi moyo.

La pili, msitenganishe jamaa wakati wa kugawa mahali pa kulala au wakati wa kusafirisha watu. Kanuni za Umoja wa Mataifa za mwaka wa 1998 juu ya watu waliohama ndani ya inchi zao, katika kanuni ya 17, zinasema jamaa zinazotaka kukaa pamoja ziachwe zikae pamoja, na zile zilizotengana ziunganishwe upesi iwezekanavyo. Tarehe 27 Mei 2021, watu wa Goma walipoambiwa watoke kwa sababu ya volkano ya Nyiragongo, watoto wengi walipotezana na wazazi wao katika msongamano wa njia za Sake na Rutshuru. Mtoto akikutwa peke yake, andikeni jina lake, majina ya wazazi, kijiji, na mahali alipookotwa. Anayetaka kumchukua, hata kwa moyo mwema, asiondoke naye kabla hayo hayajaandikwa na watunza watoto hawajaarifiwa.

La tatu, linda wale wanaoshika watoto wa wengine. Nyanya anayelea wajukuu wanne anahitaji zaidi ya sifa. Mtu amchotee maji, mtu amwangalilie watoto alfajiri. Waefe wa Ituri wanatuonyesha kwamba kulea ni kazi ya mikono mingi.

La ine linawahusu ninyi wenyewe. Kijiji nacho kina moyo, na moyo wa kijiji hujifunza kwa neno la kiongozi. Ukisema chakula kitagawiwa siku ya kwanza, na hakikuja, usijifiche. Rudi siku ile ile useme, "Hakikuja, sababu ni hii, nitawapa habari tena siku ya tatu." Watu wanaokaa bila habari hung'ang'ania uvumi wowote, au hufunga masikio hata kwa neno la kweli. Mwaka wa 2024 Umoja wa Mataifa ulihesabu katika inchi yetu watu zaidi ya milioni 7 waliohama makao yao. Kila mmoja wao aliwahi kuambiwa "mtarudi karibuni". Kiongozi anayesema kidogo na kukitimiza anaanza kuponya, hata akiwa na mikono mitupu.

Ndugu wasikilizaji, sikuahidi kwamba mtarudi mashambani kesho. Sina uwezo huo. Na mtu asiwadanganye kwamba moyo uliotulia utaleta unga nyumbani. Lakini mliyopotezana na kuonana tena, msipotezane mara ya pili chini ya hema moja. Leo jioni mmoja wenu atarudi. Aliye ndani ampokee kwanza, maswali yaje baadaye. Na anayerudi aseme neno moja kabla ya kuketi.

 Amani iwe nyumbani mwenu.

Maswali ya kuzungumzia katika vikundi vya wasikilizaji

1. Katika mfano wa bibi na bwana wa Masisi, kila mmoja anaogopa nini? Kiongozi angewasaidiaje?

2. Kati ya namna nne za kushikamana, ni ipi unayoijua ndani yako mwenyewe? Ilikusaidia wakati gani? Inakuumiza wakati gani?

3. Katika kambi au kartie yenu, mtoto aliye peke yake anaandikwa na nani? Kama hakuna, nani ataanza?

4. Chagueni jambo moja kati ya yale matano. Lifanyeni kwa juma moja, kisha mrudi mwelezane.